Masikio Ambayo Hakuna Aliyeyaona

Ikupa anatengeneza picha za watu ambao hawakupigwa picha. Ndiyo kazi iliyompa jina pale Mwanjelwa, Mbeya, na mimi ninayeuza fremu na vioo mlango wa pili naijua vizuri, kwa sababu kila uso unaotoka kwake unapita kwangu kutiwa kioo. Za pasipoti na za harusi anapiga kama studio nyingine zote. Lakini watu hawatoki Kyela au Rujewa kufuata picha ya pasipoti. Wanafuata marehemu. Na mwaka huu jina hilohilo nusura limuue mtu mzima mwenye mke na leseni ya lori.

Kwetu huku Nyanda za Juu jeneza halitoki nyumbani bila picha. Mjukuu anatangulia ameikumbatia kifuani, jeneza linafuata, sisi tunafuata. Picha ikikosekana, msiba unaonekana kama wa mtu aliyeokotwa. Sasa wapo wazee wanaokufa bila picha yoyote, au ipo ya kitambulisho iliyofubaa mpaka imebaki kola ya shati. Familia inakuja kwa Ikupa. Anawapanga kwenye benchi, anawauliza kama mtu anayenunua ng'ombe: macho alichukua nani? Taya je? Mdomo? Anampiga binti kwa ajili ya macho, anampiga mdogo wa marehemu kwa ajili ya taya, halafu anafungua kompyuta na kuchagua kichwa chochote cha mzee aliyewahi kupita studio, anaanza kujengea hapo. Kile kichwa cha kuanzia anakiita mbegu.

"Uso hauchorwi kutoka hewani, Mama Blessing," huwa ananiambia. "Lazima upande kitu."

Siku moja nilimuuliza anajuaje kama amempatia mtu ambaye hajawahi kumwona. Alinitazama kama nimemuuliza bei ya hewa.

"Wakilia, ni yeye."

"Na wasipolia?"

"Naongeza mvi."

Mimi ni mtu wa biashara. Nilitoka Iringa na beseni la vioo vya mkononi nikiuza stendi, na sheria yake niliiona sawa. Mteja akiridhika, mali ni halali. Sikuona hatari kwa sababu marehemu hasimami akakataa.

Tatizo lilianza alipokuja Clement na shemeji yake, Veneranda.

Clement ni Mhehe kama mimi, ana mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Veneranda ni mjane wa kaka yake, mkulima. Mpunga wake wa msimu mzima ulikuwa umelala kwenye uwanja wa Clement ukisubiri mnunuzi wa Iringa wanayemfahamu siku zote. Akaja mtu na Fuso, mtaratibu, akasema ametumwa na yule mnunuzi. Akakaa na Veneranda kwenye gunia, akamuuliza magoti yanaendeleaje, makuli wa Clement wakapakia wenyewe wakiimba. Kesho yake mnunuzi wa Iringa akapiga simu kuuliza mpunga aje kuchukua lini.

Veneranda alikuwa amepoteza chakula. Clement alikuwa amepoteza kitu ambacho kwa mwenye mashine ni kikubwa zaidi: wakulima walianza kunong'ona kwamba mpunga hauwezi kutoka uwanjani kwake mchana kweupe bila yeye kujua. Wawili walikuwa wameshahamishia magunia kwa jirani.

"Tunataka picha yake," Clement alimwambia Ikupa. "Kaka yangu hakuwa na picha, ukampata. Huyu naye mpate."

"Mimi nafanya marehemu, kaka."

"Huyu naye atakuwa marehemu tukimtia mkononi."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, nilikuwepo napima kioo.

Veneranda akafumba macho, akasema alichokumbuka. Uso mrefu. Paji pana. Macho yameshuka pembeni kama ya mtu mwenye usingizi. Sharubu nyembamba. Kofia ya sufu, mzula mweusi, ameivuta mpaka hapa. Ikupa akapekua kompyuta yake, akapata mbegu yenye uso mrefu, akapanua paji, akashusha macho, akapanda sharubu, akavalisha mzula.

"Pua siyo hiyo," Veneranda alisema. "Ilikuwa nene."

Ikupa akainenepesha.

Veneranda akashika mdomo. "Ndiye. Yesu wangu, ndiye huyo." Machozi yakamtoka. Kwa hiyo kwa sheria ya Ikupa kazi ilikuwa imekwisha.

"Mvue kofia," Clement akasema.

"Alikuwa nayo."

"Kwani atavaa kofia hiyohiyo mpaka Pasaka? Mvue tumwone kichwa."

Ikupa akabonyeza mara moja, mzula ukaondoka. Chini yake kulikuwa na kichwa, nywele na masikio, tayari. Clement akaituma picha pale pale kwenye makundi ya simu ya wafanyabiashara wa mpunga, kuanzia Chimala mpaka Iringa, na jina la studio likiwa pembeni kwa herufi nyekundu kama Ikupa anavyoweka siku zote.

Wiki iliyofuata, jua la mchana likiwa juu, Bupe aliingia studio na aproni ya kukaangia chipsi, mafuta bado mikononi. Anauza chipsi karibu na stendi. Mumewe, Isakwisa, ni dereva wa lori.

"Dada Ikupa, hii picha ni ya kwako?"

Ikupa akatazama simu. "Ya kwangu. Ya yule mwizi wa Rujewa."

"Mwizi?" Sauti ya Bupe ilipanda mpaka mimi nikatoka kwangu. "Mwizi huyo amelala kwangu jana! Amekula makande yangu! Wamemfungia Rujewa, dada. Alikwenda kupakia mchele, kuli mmoja akamwangalia, akaangalia simu, akapiga kelele. Wanasema hata sikio ni lenyewe."

Isakwisa ana sikio la kushoto ambalo juu limekunjwa kama pembe ya bahasha. Kazaliwa nalo. Watani wake wanasema alisikia bei ya dizeli tumboni akaliziba.

Ikupa akavuta kiti. Akafungua kompyuta, akaifungua ile kazi, akaanza kuondoa alichopanda: sharubu zikatoka, pua ikarudi, macho yakapanda, paji likapungua. Aliyebaki ni Isakwisa, shati jeupe, nyuma bluu, picha aliyopigwa humo humo alipokuwa anaomba kazi ya udereva. Sikio halikuwa limeguswa tangu mwanzo.

"Nimeanza na yeye," Ikupa akasema polepole. "Bupe, nimeanza na yeye."

"Wapigie basi!"

"Polisi?"

"Nimeshawapigia! Gari lao liko kwenye ajali huko barabara kuu, wanasema wanakuja. Kuna mtu ameleta tairi, dada. Isakwisa mwenyewe ameliona dirishani, ameninong'oneza kabla hawajachukua simu."

Anayeishi nchi hii hahitaji kuelezwa tairi la nini.

Ikupa alimpigia Clement. Tulimsikia akifurahi. "Dada, mkono wako una baraka! Tumempata kama alivyo!" Ikupa akamwambia siye, ni kosa la studio. Clement akashusha sauti. "Mke wake yuko hapo, siyo? Wamekutisha?" Akakata.

Nikachukua simu yangu. Ukitaka kununua kitu kwa mtu aliyepandisha hasira, usimwambie amekosea. Mwonyeshe hasara.

"Kamwene, mnyalukolo," nikamwambia, kwa salamu ya nyumbani ili ajue anaongea na mtu wa kwao. "Mimi Mama Blessing wa fremu. Unataka mpunga au unataka majivu?"

"Mpunga."

"Majivu hayasemi mpunga ulipo. Watu wakimgusa huyo, mpunga umekwenda, mashine inafungwa, na wanaosema mlishirikiana naye watasema umemuua ili asikutaje."

Nilisikia kelele za watu nyuma yake.

"Nakuja na Ikupa. Tuna jambo kuhusu huyo mwizi ambalo haliwezi kusemwa kwenye simu. Mtunze mzima mpaka tufike."

"Mkichelewa mimi sina nguvu ya kuzuia watu."

"Funguo ziko mfukoni kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi nguvu unayo."

Jambo ambalo halikuweza kusemwa kwenye simu ni kwamba hatukujua lolote kuhusu mwizi. Lakini nilikuwa nimenunua muda, na ndio tuliokuwa tunauhitaji. Tukachukua gari ya kukodi, Bupe mbele, mimi na Ikupa nyuma, kompyuta ndogo magotini kwake kama mtoto mgonjwa.

Tulipopita Uyole Bupe akageuka. "Nataka nielewe. Hiyo picha ni ya nani? Ya mwizi au ya mume wangu?"

"Ya mwizi. Nilikuwa namtengeneza mwizi."

"Mbona anayeonekana ni mume wangu?"

Ikupa alitazama dirishani. Tukapita mashamba ya viazi, tukashuka kuelekea joto la Usangu. Karibu na Chimala ndipo akaongea, na hakuwa anaongea na Bupe.

"Yule mama aliniambia uso mrefu, macho ya usingizi. Akanyamaza. Maneno yanakuruhusu kunyamaza. Asiposema masikio, masikio hayapo, na hakuna anayeuliza. Picha haina ruhusa hiyo. Ukimvua mtu kofia lazima awe na masikio, na lazima yawe ya namna fulani. Mimi sikuambiwa namna gani. Nikaacha yaliyokuwepo."

"Yaliyokuwepo ni ya Isakwisa," Bupe akasema.

"Ndiyo."

"Basi na wewe siku nyingine uache mtu na kofia yake."

Tukaacha barabara kuu pale Igawa. Tulipofika uwanja wa mashine, watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya lundo la pumba. Mashine ilikuwa imezimwa, na mashine ya kukoboa ikizimwa mchana wa msimu, ujue kuna jambo. Tairi lilikuwepo, limeegemezwa ukutani kistaarabu kabisa. Clement alisimama karibu na stoo, mkono mfukoni kwenye funguo. Mlangoni penyewe alikuwa amekaa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Didas, kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba ameunyoosha mbele. Hakuwa amehutubia wala kukemea. Alikuwa tu mzito, mgonjwa, na hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyemwangusha.

"Mpiga picha huyo!" mtu akapiga kelele. "Mpisheni!"

"Tupige na sisi, dada, kabla hatujawa marehemu!"

"Huyo mama anawaona wasioonekana. Alimtoa baba yangu kaburini, meno yake yaleyale!"

Hapo ndipo nilipoelewa tumeingia wapi. Sisi Mwanjelwa tunajua kazi ya Ikupa ni ya mikono. Huku wengi walikuwa hawajaiona kompyuta wala benchi. Walichoona ni kwamba mtu aliyezikwa zamani amerudi ukutani akiwa na sura yake, kwa mkono wa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Kwa hiyo picha ya mwizi kwao haikuwa kazi ya kukisia. Ilikuwa imeonyeshwa.

Ikupa akaweka kompyuta juu ya mzani wa magunia, akaifungua, akawaonyesha: huyu ndiye niliyeanza naye, hizi sharubu nimeweka mimi, hii pua nimeweka mimi. Watu walisogea, wakachungulia. Nilidhani imetosha.

"Sawa," Clement akasema. "Una vichwa vingapi humo?"

"Vingi. Sijui idadi."

"Na katika vichwa vyote hivyo mkono wako ukaenda kwa huyuhuyu. Kwa nini?"

"Kwa sababu uso wake ni mrefu."

"Kwa sababu uliongozwa!" akajibu mwanamke mmoja. "Mungu hakosei!"

"Mbona anafanana na picha basi?" mwingine akadakia. "Tufute macho?"

"Anafanana na picha kwa sababu picha imetoka kwake," Ikupa akasema. "Ningeanza na wewe, leo tungekuwa tumekufungia wewe."

"Jaribu uone!"

Watu wakasogea mbele. Mzee Didas akasema "Taratibu mguu wangu," na wa mbele wakarudi hatua, lakini wa nyuma walikuwa wanasukuma. Ndani ya stoo Isakwisa alianza kugonga mlango kwa kiganja. Bupe akaliita jina lake. Mtu akacheka.

Clement akainua mkono, wakanyamaza. Akamsogelea Ikupa, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa ya mtu anayeomba. "Dada. Kaka yangu je? Kaka yangu hukumwona. Lakini niliposhika ile picha, nililia. Alikuwa yeye. Kwake hukukosea. Kwa hiyo hata kwa huyu hukukosea."

Ikupa alinitazama mimi. Nikaelewa anauliza bei. Kumjibu kweli ilikuwa kufunga studio mbele ya wateja wake. Nusu ya watu wale walikuwa na kazi yake ukutani. Sikumsaidia. Bei nyingine mtu anaitaja mwenyewe.

"Kaka yako nilimwanzia kwa mzee mmoja wa Tukuyu," akasema. "Muuza maziwa. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Macho ni ya binti wa marehemu, taya ni yako wewe, nilikupiga siku ile. Nywele, shingo, na yale masikio ni ya muuza maziwa."

Njiwa waliendelea kudonoa mchele chini ya mashine.

"Unasema nini?" Clement alimshika mkono juu ya kiwiko.

"Nasema nilijenga. Nyote nimewajengea. Mlilia nikaona imetosha."

"Na baba yangu?" aliuliza yule mwenye meno yaleyale.

"Meno ni ya mjomba wako. Mengine sikumbuki ya nani."

"Mwongo!" mtu akasema, na haikujulikana anamtukana kwa picha ya mwizi au ya baba yake. Kokoto likagonga mzani. Clement alikuwa bado amemshika mkono, na niliona vidole vyake vinazidi kukaza.

Ndipo Ikupa, bila kuvuta mkono, akamgeukia Veneranda, aliyekuwa amekaa kwenye gunia tupu mbali kidogo na watu. Tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza kitu. Walimpitisha dirishani mara moja, akachungulia, akatikisa kichwa kukubali, basi.

"Mama, yule mtu aliyekaa na wewe. Masikio yake yalikuwaje?"

Veneranda akafikiri. "Hilo moja limekunjwa."

"Uliliona?"

"Si limo kwenye picha?"

"Sikuulizi picha. Nakuuliza siku ile. Alikuwa amevaa mzula ameuvuta mpaka wapi?"

Mkono wa Veneranda ukapanda wenyewe mpaka kichwani, ukashuka, ukasimama chini ya ndewe ya sikio lake. Akabaki ameushikilia hapo.

"Mpaka hapa," akasema.

"Basi masikio uliyaona saa ngapi?"

Veneranda akaushusha mkono. Halafu akasema, akimwambia Clement na si Ikupa: "Shemeji, nimeiangalia hiyo picha kila siku tangu tutoke Mbeya. Kila siku. Nikifumba macho sasa namwona wa kwenye simu. Yule mwenyewe nimempoteza." Akainuka. "Mtoe nimsikie anavyoongea."

"Ataongea nini, mama, aombe radhi?" mtu akatania, lakini hakupata wa kucheka naye.

Clement akamwachia Ikupa. Akatoa funguo. Mzee Didas akajisogeza na kiti chake, pole pole kuliko ilivyohitajika, na Isakwisa akatoka ameinama, mdomo umepasuka, pumba kwenye nywele, lile sikio wazi kwa kila mtu. Watu waliguna walipoliona. Sikio kweli lilikuwa lenyewe.

Veneranda akasimama mbele yake na kuanza kuongea Kihehe. Maneno mengi, ya haraka, nusu matusi. Isakwisa akamtazama, kisha akamgeukia Bupe.

"Anasema nini?"

"Anajifanya!" mmoja akasema.

"Mimi Mnyakyusa!" Isakwisa akapasua sauti, na lafudhi ya Tukuyu ilitoka nzima nzima kama viazi vinavyomwagwa. "Nimezaliwa Tukuyu, nimeoa Tukuyu, Kihehe nitakitoa wapi? Nimekuja kupakia mchele! Nendeni mkamuulize tajiri wangu!"

"Yule aliniuliza magoti kwa Kihehe," Veneranda akasema. "Kihehe cha nyumbani, cha ndani ndani. Ndiyo maana nilimwamini." Akawageukia watu. "Siye. Na asiyetaka kusikia aje anipige mimi."

Hakuna aliyekwenda. Watu hawakutawanyika kwa aibu kama mtu angependa kuandika. Walitawanyika kama mnada uliokosa mali. Mmoja alibingirisha lile tairi akaondoka nalo, maana lilikuwa lake na lilikuwa bado linafaa.

Polisi walikuwa bado hawajafika, na kazi haikuwa imekwisha. Isakwisa alikuwa mzima, lakini uso wake ulikuwa kwenye simu za watu mpaka Makambako na Iringa, na hiyo ndiyo njia anayokulia. Clement aliandika kwenye makundi kwamba picha ifutwe. Jibu la kwanza likaja: "Kwani ametoroka?"

"Tuma tena picha yenyewe, uandike SIYE," akasema Clement.

"Wangapi wanasoma?" nikamwambia. "Wataona uso uleule mara ya pili, watasema kumbe bado anatafutwa."

Ikupa akajaribu kuchora mkasi mwekundu usoni, mistari miwili ikipishana. Akatuonyesha. Alionekana kama mtu aliyehukumiwa kunyongwa. Bupe akasema toa hiyo, toa.

"Picha haijui kusema siyo," Ikupa akasema, akitupa mikono. "Nikichora mwizi, ni mwizi. Nikitaka kuchora asiye mwizi, nachora nini?"

Akamsimamisha Isakwisa katikati, Clement kulia, Veneranda kushoto, akapiga. Tukaangalia. Mdomo uliopasuka, watu wawili wenye sura ngumu pembeni yake: mwizi kakamatwa. Mzee Didas, bado kwenye kiti, akacheka mpaka akashika mguu.

Veneranda ndiye aliyetuacha hapo. Akarudi kutoka nyumba ya Clement na jagi la maji na beseni, mwanamke mwingine nyuma yake na sinia la wali. Akaweka sinia chini. Akamwambia Isakwisa akae. Akapiga magoti yake mabovu, akainamia beseni, akamnawisha mikono kabla ya kula, kama anavyonawishwa mgeni. Kwetu hakuna mama anayemnawisha mwizi wake, na hilo halihitaji maandishi mtu wa Rujewa alielewe, wala wa Iringa.

"Hapo hapo," Ikupa akasema, ameshainua kamera. "Msisogee."

Isakwisa akarudisha mikono. Maji yakamwagika chini.

"Nimetolewa picha moja bila kuulizwa," akasema, "na leo nilikuwa nachomwa. Sasa ya pili mnataka nitabasamu?"

Ikupa akashusha kamera. "Usipotaka sipigi."

Alikaa hivyo, maji yakichuruzika vidoleni. Alikuwa na haki ya kukataa, na kila mtu pale alijua hivyo, hata Clement aliyekuwa anatazama viatu vyake. Mimi sikumbembeleza. Nilimwambia tu kwamba kesho ana mzigo wa Iringa na njia ni moja.

Akamrudishia Veneranda mikono. Halafu akageuza kichwa, upande wa kushoto ukaelekea kamera.

"Sikio lionekane," akasema. "Lionekane vizuri."

Hiyo ndiyo picha iliyozunguka baadaye. Haikufika kila mahali ilikofika ya kwanza. Mpaka leo kuna vituo ambapo mtu humkodolea macho, naye hutoa simu na kuionyesha kabla hajaulizwa. Mwizi hajapatikana. Clement amemlipia Veneranda mbegu na mbolea za msimu huu, bila kuambiwa, na wakulima wawili wamerudisha magunia.

Ikupa amepoteza wateja wa Usangu kwa muda, halafu wameanza kurudi, kwa sababu watu bado wanakufa na jeneza bado halitoki bila picha. Sasa anawaonyesha mbegu kwanza, anawaambia huyu ni fulani, mnakubali? Walio hai hajengi tena. Na anauliza masikio. Familia nzima inatazamana. Mke aliyelala na mtu maisha yote anasema sijui, muulizeni dada yake.

Juzi Veneranda alikuja kwangu amefunga kitu kwenye khanga. Ilikuwa picha ya marehemu mume wake, ile ya muuza maziwa. Nilidhani anarudisha fremu, nikajiandaa kukataa, maana kioo kilikuwa na ufa.

"Macho ni ya binti yangu," akasema. "Taya ni ya shemeji. Hayo nayatambua. Ila haya masikio ya pembeni yananisumbua, nikikaa kula yananiangalia."

Nikachukua karatasi ngumu, nikaikata duara refu katikati, nikaiweka juu ya picha chini ya kioo. Uso ukabaki peke yake, kuanzia paji mpaka kidevu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Punguza kidogo upande wa kushoto," akasema. "Bado naona kipande cha Tukuyu."

Nikapunguza.